Umehakiki Filamu au Umemhakiki Mama wa Watu?

Nimehakiki filamu ya hali halisi kuhusu mama mfua nguo. Rafiki yangu anasema nimesimulia tu. Nimekosea wapi?

Rafiki yako amekuonea huruma. Uhakiki ulioniletea una aya sita za maisha ya huyo mama, na katika ya saba unamsema kwa kuzaa watoto wengi. Mwongozaji hukumtaja hata mara moja! Mama wa watu hakuomba umpe alama. Wa kuhojiwa ni aliyeamua kamera ikae wapi, na aliyesikiliza mazungumzo ya siku nzima akabakiza dakika mbili za kilio. Hoop Dreams ya mwaka 1994, filamu ya hali halisi kuhusu vijana wawili wacheza mpira wa kikapu Marekani, ilitokana na picha za saa zipatazo 250. Tulizoonyeshwa hazifiki hata tatu. Humo ndimo kazi ya mhakiki ilimo. Barua kama yako napokea kila mwezi, na nimechoka.

Nitajuaje kama wameigiza?

Kidogo wameigiza, tangu enzi za mwanzo za filamu hizi. Katika Nanook of the North ya 1922, kuhusu mwindaji Mwinuiti wa kaskazini mwa Kanada, shujaa jina lake halisi ni Allakariallak, "mkewe" hakuwa mkewe, na nyumba ya theluji iliachwa wazi upande mmoja ili mwanga uingie. Aliambiwa awinde kwa chusa ilhali bunduki alikuwa anazijua vizuri. Hilo la nyumba mimi nalisamehe, maana kamera za wakati ule zisingeona kitu gizani. La chusa silisamehe: lilimfanya mtu wa leo aonekane wa kale.

Wewe angalia milango. Mhusika akirudi nyumbani "ghafla" na kamera inamsubiri sebuleni, ujue kuna aliyemwambia atoke aingie tena. Sikiliza pia maneno yanayoendelea wakati mdomo hauonekani. Hapo mhariri huweza kushona sentensi mbili za siku tofauti, zikatoa maana ambayo msemaji hakuikusudia.

Nianze na filamu ipi?

Nimeshajibu mara ngapi? Seven Up! ya 1964, kisha uendelee nayo. Watoto 14 wa Uingereza wenye umri wa miaka 7, wakarudiwa kila baada ya miaka 7 hadi 2019. Hesabu wasichana: wanne tu.

Wahusika hulipwa?

Waongozaji wengi hukataa, kwa hoja kwamba ukimlipa mtu atakwambia unachotaka kusikia. Hoja ina uzito, ila naona wanaoipenda zaidi ni wale ambao wao wenyewe wanalipwa. Être et avoir ya 2002, kuhusu shule ya darasa moja kijijini Ufaransa, ilipoingiza fedha nyingi, mwalimu aliyeonekana humo alikwenda mahakamani kudai sehemu yake. Alishindwa. Kwa hiyo ukiandika kwamba filamu "imewapa sauti wanyonge", taja na kingine walichopewa.

Naweza kuhakiki bila kuimaliza?

Hapana.

Nililia mwanzo hadi mwisho. Si dalili kwamba ni filamu nzuri?

Rudia sehemu iliyokuliza, ukiwa umezima sauti na unasoma maandishi ya chini tu. Machozi yakikataa kuja, aliyekuliza ni mpiga kinanda.