Msije China watu wawili na simu moja

Naandikia wadogo zetu mnaokuja kusoma huku mwezi wa tisa, na ndugu na marafiki watakaowafuata likizo mzunguke nao. Mimi niko Wuhan mwaka wa tatu sasa. Julai 2025 binamu yangu alikuja kutoka Dar kwa viza ya utalii, tukabeba mabegi ya mgongoni tukazunguka siku 16: Xi'an, Chengdu, Chongqing, halafu tukarudi Wuhan. Safari tamu sana, ila siku ya pili tu nusura itufie mkononi na kosa lilikuwa langu mimi niliyejiita mwenyeji.

Iko hivi. Kichina cha kuombea chumvi na kubishana bei ninacho, Alipay na WeChat, apu za kulipia kwa simu, ninazo, apu ya treni ya 12306 ninayo, nikamwambia binamu wewe tulia mgeni wangu, kila kitu ntafanya mimi. Tiketi nilikata mimi, hosteli nilibuku mimi, kula nalipa mimi halafu tunahesabiana jioni. Yeye simu yake kazi yake ilikuwa WhatsApp na picha. Nilijiona dada mwema kumbe nilikuwa natengeneza mzigo wenye miguu miwili.

Usiku tukapanda treni ya K, zile za polepole, kutoka stesheni ya Wuchang hapa Wuhan kwenda Xi'an, vile vitanda wanavyoita yingwo, vitanda 6 kila kachumba na hakuna mlango, watatu huku watatu kule. Saa nne wanazima taa. Asubuhi kabla hatujafika nikaenda chooni. Sasa treni hizi za zamani vyoo vyake ni vya kuchuchumaa na nyingine tundu linaangalia reli moja kwa moja, ndo maana mhudumu anakuja kufunga vyoo mkikaribia stesheni. Na simu yangu iko mfuko wa nyuma wa suruali. Nimechuchumaa nikasikia kitu kama kijiko kimegonga sinki, nikaangalia chini nikaona kokoto zinakimbia.

Nimerudi pale kitandani sina hata sauti. Binamu ananiuliza, "Dada, mbona hivyo, tumbo?" Nikamwambia simu. "Imefanyaje?" Imeenda.

Mzee mmoja wa kitanda cha chini alikuwa anakunywa chai anatuangalia (mchana vitanda vya chini ndo sebule ya wote, ukikata cha chini ujue utakaliwa). Akauliza mnatoka wapi, nikamjibu Tansangniya. Mzee akaweka kikombe chini. "Tan-Zan tielu!" Yaani TAZARA. Wachina wa umri ule wengi wanaijua ile reli kuliko sisi, waliijenga 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi. Nikamwambia kwetu ni Mlimba, treni inapita pale, na huyu mdogo wangu anakaa Gongo la Mboto ambako kuna makaburi ya Wachina waliofariki wakati wa ujenzi. Nilikitafuta Kichina cha kaburi kwa shida lakini alielewa, alinyamaza kidogo, akafungua mfuko wake akatupa mayai mawili ya kuchemsha na pichi.

Huyo mzee ndo alituokoa. Jina la hosteli nilikuwa sikumbuki, nimezoea kufungua simu. Kwenye simu ya binamu kulikuwa na picha ya kibao cha mlangoni niliyokuwa nimemrushia wiki moja nyuma kumringishia, kibao kina maandishi ya Kichina, mzee akakitafuta kwenye ramani yake akakipata, akapasua karatasi ya pakiti ya sigara akatuandikia anwani kwa herufi kubwa kama za darasa la kwanza. Ile karatasi ninayo mpaka leo.

Mtauliza tiketi je, si zilikuwa kwenye simu? Hapana, na hili mlijue: China tiketi ya treni inafungwa kwenye namba ya paspoti. Paspoti ndiyo tiketi. Kwenye yale mageti ya kujifungua yenyewe paspoti mara nyingi haisomi, nenda pembeni kwenye geti lenye mtu, mpe paspoti atakuskani upite. Kwahiyo ukipoteza simu utasafiri, ukipoteza paspoti ndo umekwisha, kuleni nayo laleni nayo.

Ila njaa haipiti getini kwa paspoti. Tumetoka stesheni, mama anauza baozi (maandazi ya mvuke yenye kitu ndani), tuna noti moja ya 100 ambayo binamu alichenji uwanja wa ndege, mama hana chenji na anaishangaa noti kama ananiona na sarafu ya mkoloni. Kisheria pesa taslimu wanapokea lakini mtu ambaye siku nzima analipwa kwa kuskaniwa chenji ataitoa wapi? Binti aliyekuwa nyuma yetu akatulipia akaondoka hata asante hakungoja. Sasa huwezi kupanga safari ya siku 16 kwa kutegemea binti wa nyuma yako.

Ndo nasema kila mmoja awe mzima peke yake. Kabla hamjatoka kila mtu kwenye simu yake mwenyewe awe na Alipay iliyounganishwa kadi, Visa na Mastercard za nje zinakubali, ila ongea na benki yako kwanza wafungue malipo ya mtandaoni ya nje maana kadi nyingi za kwetu zinagoma hapo. Malipo yakizidi yuan 200 kwa kadi ya nje wanakata asilimia 3, kwahiyo msilipe kwa mkupuo mmoja kama mnaweza kugawana, huyu alipe yake na wewe yako. Kila mtu afungue akaunti yake ya 12306 mapema, wanahakiki paspoti na inaweza kuchukua muda, usianze kujisajili uko stesheni. Ramani ni Gaode, ile ya Google huku inakupoteza. Tafsiri shusha ya kutumia bila bando. Halafu noti za 10 na 20 kila mmoja mfukoni kwake, na anwani ya mnapolala kwa maandishi ya Kichina kwenye karatasi. Karatasi jamani, sio skrinshoti.

Na intaneti msichanganyikiwe. Laini ya China haifungui WhatsApp wala Instagram wala Google. Laini ya nyumbani ikiwa kwenye rominga inafungua kwasababu inapitia mtandao wa kwenu, ndo maana binamu alikuwa anachati na mama yake kama yuko Gongo la Mboto huku mimi mwenyeji nimekwama. Mkiwa wawili mmoja awe na laini ya hapa mwingine rominga au eSIM ya nje, mnakamilishana.

Pawabenki nayo. Tangu tarehe 28 Juni 2025 ndege za ndani ya China haziruhusu pawabenki isiyo na alama ya 3C, ile ya ukaguzi wa usalama ya China. Ya binamu, ya Kariakoo, ilibaki kwenye pipa la ukaguzi Guangzhou akiunganisha kuja Wuhan. Nunueni huku huku. Za kukodi ziko kila mgahawa ila nazo unaskani kwa simu, sasa kama simu imeshazima si mchezo wa kuku na yai.

Stesheni. Msikariri jina la mji tu. Wuhan ina stesheni kubwa tatu: Wuhan, Hankou na Wuchang, na ziko mbalimbali. Xi'an ile ya zamani iko pale ukutani mwa mji, lakini treni za kasi nyingi zinaondokea Xi'an Bei, kaskazini huko. Jifunzeni maneno manne kabla ya nihao: bei kaskazini, nan kusini, dong mashariki, xi magharibi, ukiyaona nyuma ya jina la mji ujue ni stesheni nyingine kabisa. Sisi siku ya kwenda Chengdu tulijikuta tuko stesheni ya zamani tumekaa kwa raha zetu na treni inaondokea Bei, metro laini ya 4 inaunganisha lakini tulichelewa, geti wanafunga dakika chache kabla ya treni kuondoka na hakuna cha naomba kaka. Bahati ni kwamba ukikosa treni unaweza kubadilisha tiketi uende na nyingine ya siku hiyo hiyo kama nafasi ipo, mara moja tu. Tuliambulia ya jioni. Na tiketi zinafunguliwa siku 15 kabla, julai na agosti wanafunzi wote wa China wako likizo nao wanatembea, ukizubaa unabaki na wuzuo, tiketi ya kusimama. Wiki ya kwanza ya Oktoba, likizo yao ya taifa, mimi sisafiri hata kwa kulipwa.

Kulala: mgeni lazima asajiliwe polisi ndani ya masaa 24, hoteli wanakufanyia wenyewe. Ukilala kwa rafiki mnaenda naye kituo cha polisi cha mtaa, paichusuo, na paspoti, kuna wanafunzi wanapuuzia halafu inakuja kuwasumbua wakati wa kuomba kibali kingine. Serikali yao 2024 ilisema hoteli zisikatae wageni lakini vihosteli vidogo bado utakuta dada wa mapokezi hajui kuingiza paspoti kwenye mfumo anakwambia tu tumejaa. Piga simu au tuma meseji kabla uulize kama wanapokea waiguoren. Waiguoren ni wageni kwa Kichina.

Kula sasa. Binamu ni Muislamu, nilikuwa na wasiwasi na nguruwe, kumbe ukishajua neno qingzhen (maandishi 清真, mara nyingi kibao cha kijani) unakula mji wowote, vile vibanda vya tambi za Lanzhou viko kila kona. Na Xi'an ndo kwenyewe, mtaa wa Waislamu wa Hui karibu na msikiti mkuu. Kuna chakula kinaitwa paomo: wanakuletea bakuli tupu na mikate miwili migumu, unamega mwenyewe kwa vidole vipande vidogo kama punje za mahindi, halafu ndo wanapeleka jikoni kumwagia supu ya kondoo. Sisi tulimega mapande kama tunalisha bata. Mhudumu akayaangalia, akaturudishia bakuli, akakaa na sisi akaanza kumega upya huku anaguna. Vikiwa vikubwa supu haiingii ndani. Chengdu mambo mengine, ile pilipili yao ya huajiao haiwashi tu inatia ganzi midomo kama umetoka kung'oa jino, jifunzeni kusema bu la, yaani isiwashe, na hata ukisema bu la bado inawasha.

Kitu kinachogombanisha watu safarini sio China, ni mwendo. Mimi Xi'an nilitaka kuzunguka ukuta wa mji wote kwa baiskeli, kilomita karibu 14, binamu anataka picha kila mnara. Halafu watu wanatuomba picha, wengine hawaombi, siku ya kwanza Wuhan, kabla ya treni, mama mmoja alishika rasta za binamu kwa nyuma tukiwa kwenye foleni, binamu akageuka kwa hasira na mimi nikamtetea yule mama kwamba ni ushamba tu hana nia mbaya. Nilikosea. Nywele zilikuwa zake sio zangu. Hatukusemeshana mpaka usiku, na kisa kikubwa zaidi ni kwamba hata akinuna hana pa kwenda, hawezi kununua maji bila mimi. Baada ya simu kupotea ilikuwa kinyume, nikawa mimi ndo siwezi. Kurudisha laini na kuingia tena WeChat kwenye simu mpya kulikula siku mbili, siku hizo mbili nilimfungulia binamu kila kitu kwenye simu yake tukiwa tumekaa sakafuni hosteli, kadi yake ikakataa mara tatu, ya nne ikakubali, akanunua maji chupa moja kufanya majaribio akaruka kama amefunga goli.

Chengdu alitaka kuona panda na mimi nilitaka kulala. Panda unaenda asubuhi sana, joto likizidi wanaingizwa ndani, na tiketi ni ya kubuku kabla kwa paspoti. Akabuku mwenyewe. Saa kumi na mbili asubuhi nikasikia anafunga zipu ya begi taratibu asiniamshe, mlango ukafungwa. Nilishtuka saa tatu nikakuta voisi noti yake WeChat, kelele za watoto nyuma, anasema, "Dada huyu panda amelala kama wewe. Nakuletea tambi, nimeshalipa, na nimewaambia bu la."

Ziliwasha balaa.