Re: Nguruwe gani anafaa Malindi?

Ndugu, umeuliza uanze na Large White au Duroc hapo Kakuyuni. Kwa joto letu ningechukua majike wa Large White, hao wenye masikio yaliyosimama, na dume awe Duroc, yule mwekundu. Jike huyo huzaa wengi na maziwa anayo. Duroc anawapa watoto mwili na ukakamavu. Shida ya mweupe ni jua, linambabua mpaka nyuma ya masikio. Nguruwe hatoki jasho la maana, basi ezeka makuti, mabati yatawaoka, na maji yasikauke. Wangu wakianza kuhema mdomo wazi saa nane mchana, nawamwagia ndoo mbili tatu.

Mimba ni siku 114: miezi 3, wiki 3, siku 3.

Makombo ya hotelini ni rahisi, lakini yachemshe vizuri kwanza. Yanaweza kuleta homa ya nguruwe ya Afrika, nayo haina tiba, inaweza kufagia banda zima.

Halafu majirani. Wengi ni Waislamu, kaongee nao kabla hujachimba msingi, na uangalie kaskazi na kusi zitapeleka harufu kwa nani.