Duka dogo Uganda: anayeandika mauzo hulipa kodi kidogo

Nina duka la rejareja hapa Busia, upande wa Uganda, na wenzangu wa mtaani huniuliza: "Dada, nikianza kuandika mauzo, si nitakuwa nimejianika kwa URA, mamlaka ya kodi?" Kwa maduka ya kiwango chetu, sheria imekaa kinyume kabisa na hofu hiyo. Asiyeandika ndiye anayekamuliwa.

Hebu tupige hesabu. Mauzo yako ya mwaka yasipozidi shilingi milioni 10, huna cha kulipa katika utaratibu huu wa wafanyabiashara wadogo. Kuanzia hapo hadi milioni 150 kuna ngazi, na kwa viwango vilivyoanza Julai 2020 kila ngazi ina bei mbili: ya mwenye kumbukumbu na ya asiye nazo. Chukua duka lililouza milioni 32. Bila kumbukumbu, kodi ni 200,000. Mwenye daftari anatozwa 80,000 na asilimia 0.5 ya kilichozidi milioni 30, yaani 10,000. Jumla 90,000. Panda hadi duka la milioni 82: asiye na kumbukumbu ni 900,000, mwenye nazo ni 374,000. Hiyo tofauti inanunua magunia ya sukari.

Nisiwadanganye, si kila mahali tofauti ni kubwa hivyo. Aliyeuza milioni 28 analipa 72,000 akiwa na daftari na 80,000 akiwa hana. Daftari linaokoa zaidi mtu aliyevuka ngazi kidogo tu, na bila daftari huyo hata hajui kama amevuka. Halafu kumbuka kwamba mawakili, madaktari, wahasibu, wahandisi na watu wa ujenzi hawamo katika utaratibu huu. Wana njia yao.

Daftari lenyewe halihitaji kompyuta. Mimi natumia kaunta buku, siku moja ukurasa mmoja: bidhaa, kiasi, bei, na jinsi mteja alivyolipa. Hapa mpakani nusu ya wateja wanatoa pesa ya Kenya. Andika alichokupa kwa shilingi za Kenya, kando yake bei ya kubadilishia ya siku hiyo, kisha shilingi za Uganda. Ukingoja mwisho wa wiki utabahatisha bei, na hesabu ya kubahatisha haina wa kuitetea. Aliyekopa, andika jina lake. Siku akilipa, futa deni. Usilihesabu tena kama mauzo mapya.

Penye balaa zaidi ni simu. Taarifa ya laini yako inaonyesha kila kilichoingia: mchango wa harusi ya binamu, mkopo wa SACCO, zamu yako ya kikundi. Mtu mwingine akiisoma ataona mauzo tu. Kwa hiyo duka liwe na laini yake, na kila pesa isiyo ya mauzo ikiingia humo iandikwe siku ileile imetoka kwa nani na ni ya nini. Karatasi ya mkopo ibandike humo humo kwenye daftari. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, kwa hiyo madaftari ya zamani msifungie maandazi.

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kodi hii inakatwa kwenye mauzo, haijali faida. Ukiuza sukari na unga, ambako faida ni ndogo, unaweza kulipa hata mwaka uliopata hasara. Sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna kwamba unataka kutozwa kwa faida kama biashara nyingine. Lakini hapo lazima uthibitishe matumizi, na ukinunua kwa msambazaji anayetakiwa kutumia EFRIS, mfumo wa URA wa risiti za kielektroniki, risiti inayokubalika ni ya EFRIS. Mpe TIN yako, yaani namba yako ya mlipakodi, kabla hajaitoa. Najua wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka Aprili 2024 wakiilalamikia EFRIS hiyo, na malalamiko yao mengine yalikuwa na uzito. Hata hivyo, mimi ninayenunua kwao naihitaji ile risiti.

Leseni ya biashara ni kitu kingine, inakwenda kwa manispaa. Kuilipa hakukuondolei kodi ya URA.

Mwaka wa kodi unaisha 30 Juni, na ritani, ile taarifa ya kodi ya mwaka, unaiwasilisha kabla ya 31 Desemba kuisha. Mimi hujumlisha mwezi wa Julai, wakati bado nakumbuka mambo. Malipo yanapitia namba ya malipo inayotoka kwenye tovuti ya URA, ile PRN. Unalipa benki au kwa simu. Anayekuambia umpe taslimu akakulipie, mwambie akutolee PRN utalipa mwenyewe.

Na kama ulifunguliwa TIN na kijana wa intaneti, nenda ukahakikishe ni barua pepe na namba ya simu ya nani iliyoandikwa pale. Mara nyingi ni yake. Barua za URA zinamfikia yeye, na siku akihama mji hutaweza kuingia kwenye akaunti yako. Badilisha uweke zako, na nywila uibadilishe siku hiyo hiyo.