Kabla hujanunua trela la kulala la kubebea bagi kubwa

Wengi wanaoniuliza kuhusu trela la kulala linaloweza kubeba gari la porini huanza na kitanda, jiko, na kama ndani kuna bafu. Mimi huwauliza kwanza: mashine yako ni ipi, ina uzito gani ikiwa na mafuta, na utaivuta kwa gari gani? Ukishajibu hayo matatu, zaidi ya nusu ya matrela uliyokuwa unayatamani kwenye simu yanajiondoa yenyewe.

Kama kwako gari kubwa la porini ni Land Cruiser nzima, achana na trela la kulala. Land Cruiser ya 70 ikiwa tupu imeshapita kilo 2,000, na magari ya kuvuta tuliyo nayo hapa Uganda, hata Land Cruiser 200 au 300, kiwanda kinayaruhusu kuvuta hadi kilo 3,500 tu, tena trela likiwa na breki zake. Toa uzito wa gari linalobebwa, utakachobaki nacho hakitoshi chasi imara, sembuse vitanda na maji. Hiyo ni kazi ya lori. Ninalozungumzia hapa ni bagi la viti vinne, yaani gari jepesi la wazi la michezo ya porini, lile ambalo vijana wa Jinja na watu wa mashindano wanalipenda. Chukua mfano wa Polaris RZR XP 4 1000: urefu wake ni kama mita 3.7, upana mita 1.63, na uzito wake mtupu ni zaidi ya kilo 700. Weka mafuta, tairi la akiba, vifaa na boksi la barafu, hesabu kilo 800 na usijidanganye.

Sasa kaa chini na kalamu. Trela lenye kikomo cha kilo 3,500, likiwa tupu linakula kilo 2,300, linakuachia 1,200. Bagi limechukua 800. Zimebaki 400. Maji lita 150 ni kilo 150, kwa hiyo zimebaki 250. Mtungi wa gesi, betri mbili, jenereta, mitungi miwili ya petroli, matairi mawili ya akiba, godoro, vyombo, chakula cha watu wanne kwa wiki nzima: zile 250 zimekwisha na hujapakia hata begi moja la nguo. Hapo ndipo matrela mengi ya kifahari yanapoanguka. Muuzaji atakutajia kikomo cha juu kwa sauti kubwa. Wewe muulize uzito mtupu, kisha mwombe mpeleke trela kwenye mizani mkaone wote wawili, maana namba iliyo kwenye kibandiko mara nyingi haihesabu turubai la kivuli, sola na friji vilivyoongezwa baadaye.

Kuna jingine ambalo watu hulisahau. Sehemu ya uzito wa trela hukaa juu ya kiungio cha gari lako. Kwa trela la ekseli mbili nataka uzito huo uwe karibu asilimia 10 ya uzito wote. Kilo 3,500 zina maana ya kilo 350 zilizokalia mkia wa gari, na hizo zinahesabiwa kama mzigo wa gari lenyewe, pamoja na abiria watano na vitu vya juu ya keria. Ukipunguza kwa kusogeza bagi nyuma, trela linaanza kuyumba kwenye lami, na trela likiyumba kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, gari nalo linafuata. Kwa hiyo jaribu trela mara mbili: likiwa na bagi ndani na likiwa tupu. Kuna matrela yanayotulia vizuri yakiwa na mzigo, ila bagi likishashuka pua ya trela inakuwa nzito kupita kiasi.

Kuhusu umbo, nina msimamo wangu. Yako matrela ya mtindo wa Marekani ambayo nyuma ni chumba cha kufungwa cha kuegesha mashine, na usiku chumba hicho hicho kinageuka cha kulala. Yanapendeza. Lakini kwa bagi kubwa na barabara zetu, mimi nachagua jukwaa wazi: sanduku la jiko na stoo mbele, hema la kukunjua juu ya sanduku hilo, na nyuma jukwaa la bagi lililo sawasawa juu ya ekseli mbili. Bagi likishuka, jukwaa linakuwa baraza. Unatandika mkeka, unaweka viti, watoto wanakaa hapo juu, mbali na tope, wakiwa wakavu.

Sababu ya kwanza ni uzito. Kuta, paa na mlango mkubwa wa nyuma vinakula kilo ambazo tumeshaona hatuna. Ya pili ni usalama, na hapa sina mzaha. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unatambaa sakafuni na kutulia pale pale mlipolaza watoto. Friji ya gesi au jiko likiwa na mwali karibu, unajua kinachofuata. Kama moyo wako bado unataka chumba cha kufungwa, hakikisha kina matundu ya hewa ya chini na ya juu, ukuta unaoziba vizuri kati ya mashine na vitanda, na kengele ya kutambua monoksidi ya kaboni, ile gesi ya sumu ya moshi wa injini. Jenereta haiwashwi ndani hata kwa dakika moja. Sababu ya tatu ni vumbi. Pita njia za Karamoja wakati wa kiangazi, vumbi linaingia mahali ambapo hata sindano haipiti. Likiingia kwenye jukwaa wazi unafagia, likiingia kwenye magodoro mtakohoa safari nzima.

Trela lililotengenezwa kwa soko la Marekani lina mengine mawili ambayo picha hazikuonyeshi. Kule wanaendesha kulia, kwa hiyo mlango wa kuingilia huwa upande wa kulia. Sisi tunaendesha kushoto. Ukisimama pembeni mwa barabara ya Masaka, mtoto anafungua mlango na kuteremkia kwenye njia ya mabasi. Pia umeme wake ni wa volti 120, wetu ni 240. Trela la Afrika Kusini au Australia linakuja na mlango upande wa kushoto na umeme unaoelewana na wetu, na mara nyingi chini yake kuna nafasi ya kutosha kupita kwenye matuta bila kukwangua.

Rampu ndiyo inayoshughulikiwa kidogo kuliko yote. Nje kidogo ya Moroto, mvua ikiwa imepita mchana na udongo mweusi umelainika, nilimtazama jirani yetu wa kambini akipandisha bagi. Bagi lilipofika katikati ya rampu, mkia wa trela ulizama, mkono wake unaoshika gari ukanyanyuka, na nyuma ya Hilux yake ikainuka mpaka springi zikalia. Dereva wa bagi aliona mbingu tu. Kijana mmoja aliwahi kusukuma jeki mbili chini ya pembe za nyuma, juu ya vipande vya mbao ili zisididimie, ndipo kila kitu kikatulia. Trela lako liwe na jeki za pembe za nyuma zilizochomelewa kwenye chasi yenyewe, na zishushwe kabla tairi la kwanza la bagi halijagusa rampu.

Urefu wa rampu nao una hesabu yake. Jukwaa likiwa sentimita 70 kutoka ardhini, rampu ya mita 1.5 inakupa mwinuko wa karibu nyuzi 28, mkali mno kwa mashine ndefu kwenye mvua. Ya mita 2.4 inashusha hadi kama nyuzi 17, na mtu yeyote mtulivu anapanda. Bagi la upana wa mita 1.63 linakaa vizuri katikati ya madigadi, na jukwaa linabaki chini. Yale mapana ya mita 1.83 yatakulazimisha ama kupanua trela au kupandisha jukwaa juu ya magurudumu, na likipanda, uzito nao unapanda. Mimi ningekushauri bagi jembamba kabla ya trela pana.

Breki usizifanyie uchumi. Zile zinazofanya kazi kwa trela kusukuma gari zinatosha kwa mzigo mdogo kwenye tambarare. Ukishuka kutoka Kapchorwa au ukiwa kwenye kona za Kabale kwenda Kisoro, zinashika muda wote, zinachemka, halafu zinaisha nguvu. Chukua breki za umeme kwenye magurudumu yote manne, na kidhibiti chake kwenye dashibodi mahali mkono wako unafika bila kutafuta. Australia, trela likizidi kilo 2,000 sheria inataka breki kwenye kila gurudumu, na mfumo wa kujifunga wenyewe trela likichomoka. Sisi tuna milima kuliko wao, kwa hiyo tujiwekee sharti hilo wenyewe.

Magurudumu yafanane na ya gari linalovuta: idadi ya nati ile ile, saizi ile ile ya tairi. Land Cruiser ya 70 ya kisasa ina nati tano, Hilux ina sita, na trela la nati tofauti linakulazimisha kubeba akiba za aina mbili. Springi ziwe za majani kama za lori. Zikikatika Kotido, fundi atapata jani lingine au atalichonga. Zile laini za mpira ndani ya ekseli zikifa, utasubiri spea kutoka Kampala ukiwa umelala pembeni ya njia. Na kumbuka kwamba ndani ya hifadhi za taifa hairuhusiwi kutoka nje ya njia. Bagi ni la kufurahia nje ya hifadhi, kwa hiyo panga kambi mahali pa salama pa kuacha trela.

Kwa wengi wetu, kutengenezesha trela kwa mafundi wa Katwe, Kampala, itakuwa nafuu kuliko kuliagiza kupitia bandari ya Mombasa. Welda wa pale wanaweza kujenga jukwaa zuri kabisa, ila ekseli, breki na kiungio nunua vipya vyenye kikomo kilichochapwa juu yake. Pete za kufungia bagi zipite sakafu na zishikwe na chasi, nne angalau, na mikanda ivute magurudumu badala ya kuvuta bodi. Chasi ikiwa bado haijapigwa rangi, nenda na tochi uangalie kila kiungo cha mkono wa trela, juu na chini. Ukikuta matundu kwenye welding, mwambie akate achomelee upya mbele yako, na fedha ya mwisho ikae mfukoni mpaka bagi limepanda, limefungwa, na trela limevutwa hadi Mukono na kurudi.