Wakisema Umehalalisha Dhambi

Bwana Yesu asifiwe. Juzi msomaji alinitumia ujumbe mrefu wenye ukali, kwamba makala yangu ya neema imehalalisha dhambi na nitajibu mbele za Mungu kwa kila atakayepotea. Alichoshika ni sentensi moja, niliposema hakuna tendo jema linalomnunulia mtu wokovu. Aya iliyofuata, inayosema aliyeokolewa lazima azae matunda, hakuigusa. Akaikata ile sentensi, akaitupa kwenye kundi la maombi, na maswali yakaanza kunijia kutoka kwa watu ambao hata makala hawajaiona. Iliniuma. Angekuwa asiyeamini ningecheka tu, lakini huyu tumeomba pamoja.

Makala ile sifuti neno. Ila wewe unayetaka kuandika habari za imani, jiandae, kwa sababu hata Paulo hakupona. Katika Warumi 3:8 analalamika kwamba wapo wanaomsingizia, eti anafundisha watu watende mabaya ili yaje mema. Shitaka lenyewe ndilo hili nililopewa mimi!

Sasa tazama anavyoandika baada ya hapo. Mwisho wa sura ya 5 anasema dhambi ilipozidi, neema ilizidi zaidi. Ni sentensi ya hatari, inayokatika kirahisi. Hapo hapo, kabla mpinzani hajafungua mdomo, Paulo anamtangulia: “Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Hasha!” Swali la adui analiuliza mwenyewe, analijibu mwenyewe. Hii ndiyo mbinu ninayoishika siku hizi. Kila nikiandika jambo zito namtafuta mtu atakayelipotosha, namweka ndani ya aya ile ile, namjibu pale pale. Aya ya pili ni mbali mno. Mwenye haraka hafiki huko.

Jambo jingine, taja unaongea na nani. Wakorintho waliandikiwa wasichangamane na wazinzi, wakachukulia ni wazinzi wa dunia nzima. Ikabidi Paulo awaandikie tena (1 Wakorintho 5) kwamba alimaanisha anayejiita ndugu huku akiishi hivyo, maana vinginevyo ingewalazimu kuihama dunia. Hakuomba radhi, wala hakubadilisha fundisho. Alitaja tu mlengwa.

Mlengwa ndiye anayewapatanisha Paulo na Yakobo pia. Wote wawili wanamtaja Abrahamu, wote wananukuu Mwanzo 15:6, lakini Paulo anasema mtu huhesabiwa haki kwa imani, Yakobo anasema kwa matendo, na ukiwasoma juu juu utaapa wanagombana. Martin Luther mwenyewe, yule wa matengenezo ya Kanisa, mwaka 1522 aliuita waraka wa Yakobo waraka wa majani makavu, yaani usio na uzito, na huyo hakuwa msomaji mvivu. Lakini Paulo anamjibu mtu anayejivunia sheria. Yakobo anamkemea anayemwona ndugu yuko uchi na ana njaa, akamwambia nenda kwa amani, ukaote moto. Wagonjwa wawili, dawa mbili. Basi ukiandika, taja mgonjwa wako.

Tena, ndugu mwandishi, acha mafumbo unayodhani ndiyo upako. Utaniambia Yesu alisema kwa mifano. Ndiyo, na Marko 4:34 inasema wanafunzi wake aliwaeleza yote faraghani. Wewe umemweleza nani? Unatupa mstari mmoja mkali upate sifa, watu wanaandika amina, halafu kila mmoja anaondoka na fundisho lake. Huko ni kutafuta makofi kwa jina la Bwana, na Yakobo 3:1 imeshatuonya sisi waalimu kwamba hukumu yetu ni kubwa zaidi.

Yule msomaji nilimjibu mara moja, nikamwekea aya zote mbili, kisha nikanyamaza. Kubishana usiku kucha hakumfanyi mtu asome. Makala ijayo ni Yakobo sura ya 2, na tayari nawaona wa upande wa pili wakijiandaa kuniita mtu wa sheria.