Jibu: Kiti cha bomba kina kutu, nikipeleke kupakwa kromu upya?

Salama mkuu. Umesema umenunua kiti cha fremu ya bomba la chuma cha mbunifu Marcel Breuer, modeli B32, kwenye soko la mitumba huko Stuttgart, muuzaji anadai ni cha kabla ya Vita Kuu ya Pili, na kutu imeanza kwenye kona za bomba. Usikimbilie kukipaka upya.

Anza na rangi ya mng'ao, mchana, karibu na dirisha. Chuma cha bomba hupakwa metali ya kung'aa: nikeli huelekea umanjano, kromu huelekea ubuluu. Breuer alikibuni 1928, viwanda vikiwa vinahamia kromu, kwa hiyo nikeli ni dalili ya kiti cha zamani; ukiiona tabasamu kidogo. Kisha kigeuze. Henzirani (nyuzi za mmea za kusukia viti) iliyofumwa kupitia vitundu kwenye fremu ya mbao inatia moyo. Mkeka wa henzirani uliofumwa kiwandani na kubanwa kwenye mfereji unatia shaka, ingawa vya zamani navyo husukwa upya.

Kutu juu ya kromu nasugua taratibu kwa foili ya jikoni na maji. Nikeli, kitambaa laini na mafuta mepesi tu. Changu nilikipeleka kwa fundi, kikarudi kinang'aa kama bomba la bafuni, matundu ya skrubu yamejaa kromu, mbao hazikuingia tena.

Kwa picha moja siwezi kuapa ni halisi. Tupia picha ya chini ya kiti.