Fuwele zenye ncha mbili kwenye choo: usizipite

Mdogo wangu unayeanza maabara, nikueleze sampuli moja ya choo ya mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilipaka slaidi kwa maji ya chumvi, nikaipitia kwa lenzi ya 10, kisha ya 40. Yai hata moja sikuliona. Kulikuwa na vitu visivyo na rangi, vinavyong'aa, vimechongoka pande zote mbili kama vichwa viwili vya mikuki vilivyounganishwa kitako kwa kitako. Nikavihesabu uchafu. Nikaandika "hakuna mayai wala vimelea", nikasaini.

Mkuu wa zamu aliirudisha slaidi kwenye hadubini, akaniuliza: "Na hizi?"

Hizo ni fuwele za Charcot-Leyden. Daktari Mfaransa Charcot alizieleza mwaka 1853, daktari Mjerumani Leyden akazikuta mwaka 1872 kwenye makohozi ya wenye pumu. Ni protini iitwayo galektini-10, ambayo eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu, huibeba kwa wingi. Chembe hizo zikifa na kupasuka, protini humwagika na kuganda kuwa fuwele. Ukiziona, jua eosinofili zimefia hapo, na utumboni haziendi bure: huenda kuna minyoo ya safura, strongiloidesi (minyoo midogo ya utumbo), minyoo mjeledi, sistoisospora (kimelea cha seli moja), hata amiba wa kuhara damu. Kwenye makohozi fikiria pumu, mzio wa ukungu wa aspajilasi, au paragonimasi, yaani minyoo ya mapafu. Fuwele haikutajii jina la ugonjwa. Inakukataza kuacha kutafuta.

Tulitafuta. Kwenye slaidi ya tatu buu la strongiloidesi lilikuwa likijinyonganyonga, na mgonjwa alikuwa aanze prednisoloni, dawa ya steroidi inayoshusha kinga, kesho yake. Dawa hiyo huweza kuwaachia minyoo hao wazaane na kusambaa mwili mzima, mpaka kuua. Bado naliona lile buu.

Kwa hiyo shusha kondensa, ile lenzi ya chini ya slaidi inayokusanya mwanga, na punguza mwanga. Mwanga mkali huzificha fuwele. Rudia slaidi, koleza sampuli, omba choo cha siku nyingine, maana mabuu hayatoki kila siku. Anayeishi na VVU akiharisha, tumia pia njia ya kutia rangi ya Ziehl-Neelsen iliyorekebishwa: oosisti (vifuko vyenye ganda vinavyotoka na choo) za sistoisospora hushika wekundu. Sindano za asidi za mafuta zisikuchanganye. Hizo ni nyembamba, hukaa kwa mafungu kama nyasi.

Usipopata kitu, bado andika: "Fuwele za Charcot-Leyden zimeonekana; vimelea havijaonekana; tunaomba sampuli nyingine." Kisha mpigie daktari, usingoje aje kuchukua karatasi.